Sanduku Lako Tulilipima kwenye Mizani ya Samaki

Kwa Zaina, Kalundu,
Uvira.
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa mulamu wangu Geneviève,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, na zitakazobaki uwagawie watoto na wajukuu hapo Kalemie. Mmeamkaje? Joto la huko likoje? Na miguu yako? Nauliza miguu mapema kwa sababu katika ujumbe wako wa sauti wa mwezi uliopita ulitoa habari za kila mtu, hata za kuku wa jirani, ndipo mwishoni kabisa, ukiwa karibu kukata, ukasema daktari amekukataza kusimama mbele ya ubao. Ulisema haraka haraka kama mtoto anayetaja alama mbaya kwa mama yake.

Sasa nijibu. Inavimba yote miwili au mmoja? Asubuhi au jioni? Viatu vya Jumapili vinaingia? Na ile sukari, unaipimisha kila mwezi au unajikadiria mwenyewe? Usiruke swali hata moja. Wewe ni mwalimu, unajua mwanafunzi anayeruka maswali anapewa nini.

Sisi huku ni wazima, Alhamdulillahi. Tansiyo yangu, hii presha ya damu, inapanda na kushuka inavyotaka. Muuguzi wa pale sante, kituo chetu cha afya, ameniambia nipunguze chumvi, nikamuuliza mtu anayeuza ndagala zilizokaushwa kwa chumvi atapunguzaje, naye akacheka, akaandika dawa. Goti la kulia ndilo lililonishinda. Siwezi tena kushuka mpaka kwenye mitumbwi na kugombania samaki na wale wanawake wenye nguvu. Sasa wananiletea, nami nauza kwa kikombe, nikiwa nimekaa. Faida imepungua, lakini masikio yangu yamenenepa, maana mtu aliyekaa sehemu moja anasikia kila kitu.

Yasmine, yule niliyekuwa na mimba yake ulipoondoka, amekuwa mrefu kuliko mimi na anajua kunijibu. Anakusalimu. Kaka yangu Tambwe na mkewe, dada yako Josée, wapo Bwegera, mpunga wao wameshavuna, na bado wanagombana juu ya nani alisahau kufunga mlango wa ghala. Yaani ni wazima kabisa.

Utashangaa kwa nini nimechukua karatasi wakati simu ipo. Simu yako, mulamu, ni ya ukoo mzima. Nikituma sauti, anaanza kuisikiliza Thierry wako, kisha mkewe, kisha wajukuu wanaicheza tena ili waige ninavyokohoa. Haya ninayoandika ni yako peke yako. Ndiyo maana nayatuma kwa mkono wa Frédéric, fundi wa mashine kwenye boti, ambaye ameapa kukupa wewe mwenyewe na kusubiri jibu. Umpe chai.

Na jambo lenyewe ni hili: hiyo barua ya kuacha kazi, unayotaka kuisaini mwezi ujao shule zikifungwa, usiisaini. Weka kalamu chini mpaka umemaliza kusoma karatasi hizi.

Katika ujumbe wako ulisema, na mimi nimeusikiliza mara nyingi mpaka Yasmine amechoka: "Usijisumbue juu yangu, Zaina. Minye niko na sanduku yangu. Weye chunga goti yako." Nami juu ya hilo sanduku ndipo nina maswali.

Unakumbuka tulivyoanza? Wakati ule noti zilikuwa zinaongezwa sifuri kila ukiamka, na watu waliojiwekea pesa walibaki na makaratasi. Nikakuambia habari za shangazi yangu Mwajuma, aliyeuza samaki mpaka mgongo ukakataa, kisha akakaa ndani na kula sanduku lake. Kila akikwama alitoa pisi moja ya kitenge cha waksi, nzima, haijakatwa, lebo yake ikiwa bado imebandikwa, akaiuza kwa bei ya siku hiyo. Alikula sanduku lile miaka saba, na siku ya kumzika tulikuta zimebaki mbili. Wewe ukasema serikali ingejifunza kwa shangazi Mwajuma. Wiki ileile tukaenda kwa fundi wa bati, tukatengenezewa masanduku mawili, kipimo kimoja, rangi moja ya kijani, maana yangepishana hata kidole tungegombana.

Masharti niliyatunga mimi, nakiri. Kisikatwe. Kisifuliwe. Lebo isibanduke. Sanduku lisifunguliwe kwa ajili ya harusi, wala kwa ajili ya kilio, wala kwa ajili ya mume hata akilia machozi. Ulicheka kwa hilo la mwisho. Mumeo Félicien alikuwa amekaa palepale mlangoni, akasema sasa amejua nafasi yake nyumbani ni chini ya vitenge.

Miaka kumi na miwili tukaweka, msimu mzuri pisi mbili, msimu mbaya hata nusu hatukupata. Halafu mwaka 2006 Félicien akapata kazi ya gatini huko Kalemie, mkahama. Ukaleta sanduku lako kwangu. Uliogopa kulipakia kwenye boti, ukasema safari ni ndefu na wezi ni wengi. Ulilisukuma mwenyewe chini ya kitanda changu. Mimi nilikuwa na tumbo la miezi saba, ukanikataza kuligusa. Na ulihema, Geneviève! Nakumbuka vizuri, ulikaa chini, ukapangusa jasho kwa ncha ya kitenge chako, ukaomba maji. Ukalifunga kufuli kubwa, ukadondoshea nta ya mshumaa kwenye tundu la ufunguo ili unyevu wa ziwa usiingie. Ukaniambia, "Iyi ndiyo uzee yangu, mulamu." Nikajibu kwamba kwangu ni amana, na kwamba nitaulizwa juu yake hata siku ya kiama.

Miaka kumi na minane nimefagia kuzunguka sanduku hilo. Sijawahi kulisogeza. Nilikuwa nalipangusa vumbi kabla ya langu.

Sasa sikia habari za maji. Mwezi wa nne ziwa lilipanda. Ulikwisha sikia, lakini kusikia ni kitu kingine. Lilianza kama utani, maji kwenye mtaro, watoto wanacheza. Asubuhi moja, nimetoka tu kuswali, nikaona kandambili zangu zinatembea zenyewe kutoka chumbani kwenda mlangoni. Nikapiga kelele. Yasmine akaja mbio. Na mimi, mulamu, goti likiwa limekataa kupinda, jambo la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa sanduku la Geneviève. Mali yako ikilowa ningekuelezaje? Nikamwambia Yasmine aende kuita majirani wawili, maana najua uzito wa vitenge.

Yasmine hakuita mtu. Aliinama, akalivuta, akalinyanyua peke yake, akalipandisha juu ya meza kana kwamba ni sufuria. Akanigeukia.

"Mama, iyi sanduku iko mwepesi! Iko na nini ndani?"

"Weye weka juu, usiulize!" nikamfokea.

Kisha tukashika langu. Hata kulitikisa hatukuweza. Walipofika majirani, maji yalikuwa yameshapita kwenye pindo la kifuniko, nalo limekuwa zito kama jiwe la kusagia. Likalala majini siku mbili.

Hapo ndipo udadisi uliponianza, na unanijua. Tulipohamia juu, kwenye chumba tulichoazimwa, nililiweka sanduku lako mbele ya mkeka wangu na kuliangalia. Nililiinua pembe moja. Kitu kimoja kikateleza ndani kutoka upande huu kwenda upande ule. Ko. Nikainua pembe ya pili. Ko. Kitu kimoja tu, mulamu, na vitenge haviwezi kugonga. Yasmine akasema ni sabuni. Mimi nikasema labda ni kile kikombe cha bati alichopenda Félicien. Ushindi, mkubwa wa wabeba mizigo wa gatini, alipokuja kutusaidia akasema ni dhahabu, macho yakamtoka, nikamfukuza.

Kulifungua sikuweza na sitaweza. Lakini hakuna aliyenikataza kulipima.

Nilisubiri mpaka langu limekauka kabisa, tupu, limeegemea ukuta. Kisha nikamwomba Ushindi na mwenzake wayabebe yote mawili mpaka kwenye mizani ya samaki. Yalikuwa masanduku pacha, unakumbuka, tulihakikisha wenyewe. Wanawake wote wakaacha biashara zao kuja kuangalia. Mpimaji akauliza kama siku hizi nauza samaki waliovaa koti. Langu, tupu: kilo tisa na robo. Lako, limefungwa: kilo tisa na robo tatu.

Nikamwambia alipime tena. Akalipima tena. Ushindi akatikisa kichwa, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa: "Mama Zaina, mu iyi sanduku hamuna kintu. Minye nabeba mizigo tangu utoto, mugongo yangu haidanganye."

Nusu kilo. Uzee wa mulamu wangu una uzito wa nusu kilo.

Nitakuambia nilichofikiri kwanza, hata kama si kizuri. Nilifikiri kuna mwizi ndani ya nyumba yangu. Nikamtazama mwanangu Mahamudi kwa jicho baya siku mbili nzima, kila akinyanyua kikombe namtazama, mpaka akaniuliza kama ana ugonjwa usoni. Nikawaza wewe utanionaje. Nikawaza watu wa kwenu watasema nini, kwamba Zaina alikaa na mali ya mwenzake miaka kumi na minane na sasa sanduku linatoka tupu. Nilikosa usingizi, na tansiyo ikapanda mpaka muuguzi akaniuliza nani amekufa.

Ndipo nikaikumbuka nta. Nikamwambia Yasmine amulike kwa simu. Nta yako ipo, mulamu. Imekuwa ya kahawia, imeganda ndani ya tundu mpaka juu, na kutu imekua kuizunguka. Tangu siku ulipoidondosha hakuna ufunguo wala msumari uliopita humo. Nililia kwa furaha kwamba mwanangu si mwizi. Nilipomaliza kulia nikakaa chini, nikaelewa kwamba ulilifunga likiwa hivyo hivyo.

Halafu mambo yakaanza kunijia moja moja, na nikashangaa jinsi mimi ninayejua nani amepika nini katika mtaa mzima sikuona kilichokuwa puani pangu.

Mwaka mmoja kabla hamjahama, Félicien alilala hospitali miezi mitatu, akapasuliwa mara mbili. Nilikuja kila Ijumaa na uji. Nilikuuliza gharama zinatoka wapi, ukasema parokia imesaidia. Nikauliza parokia gani, ukaniuliza kama nimekula. Na mwaka uleule, kwenye harusi moja Mulongwe, nilimwona mke wa mfanyabiashara amevaa kitenge cha njano chenye samaki, nikakugusa kiwiko nikakuambia kinafanana na chako kabisa. Ukasema viwanda havitengenezi kimoja. Hukugeuka hata kukitazama! Mimi nikaendelea kula pilau.

Uliviuza vyote kwa ajili ya Félicien, sivyo? Na hukuniambia kwa sababu ya sharti langu la mume anayelia machozi.

Nilikasirika, mulamu. Nisikufiche. Nilikasirika kwamba miaka yote hiyo kila nikikupigia swali lako la pili ni hili: "Umeongeza ngapi?" Nami kama mjinga nahesabu, najisifu, naenda kununua nyingine ili nisikuonee haya. Ungeniambia lako ni tupu, ningeacha siku ileile, ningesema hata Geneviève ameshindwa, mimi ni nani. Hasira ilikaa siku mbili, kisha nikaona kwamba labda ndiyo maana ulikuwa unauliza. Nijibu na hilo.

Halafu nikahesabu miaka ya Félicien. Alitoka hospitali, akafanya kazi Kalemie, akamwoza Thierry, akambeba mjukuu wa kwanza, akafa kitandani kwake. Miaka kumi na moja. Shangazi Mwajuma alipata saba tu kwenye sanduku lake. Wewe ulilila lako mapema, basi, na ulilila pamoja na mumeo. Kama ungeniuliza siku ile ningekukatalia, na ningekuwa nimekosea vibaya. Naona aibu kulitunga lile sharti. Nisamehe.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kufunua, nami nifunue langu. Unakumbuka pikipiki ya Mahamudi? Nilikuambia ameikopa kwa rafiki. Niliuza pisi nne. Kisha sikuweza kuvumilia kuona sanduku limepungua, nikakunja lile pazia la zamani la sebuleni, la maua, nikalisukuma chini kabisa ili pajae. Nilijidanganya mwenyewe, fikiria! Yasmine alipokuwa anatoa vitenge vilivyolowa, cha mwisho kikatoka pazia. Akalitandaza mbele yangu. Mimi mtunga sheria.

Sasa turudi kwenye kalamu yako, maana hilo ndilo linaloninyima usingizi. Dosye yako ya retrete, lile faili la kustaafu, inatembea mwaka wa saba, leo wanasema iko Bukavu, kesho Kinshasa, na hujaona hata karatasi ya kujibu. Thierry ana watoto watano na mshahara wa mtu mmoja. Sanduku ni nusu kilo. Ukisaini kwamba umeacha kazi, jina lako litatoka kwenye orodha ya walimu, na mwezi wa tisa utakula nini? Ulikuwa umepanga nini hasa? Nauliza kwa kutaka kujua kweli. Nimekufikiria umekaa na miguu ndani ya beseni, unawaambia watoto bibi ana sanduku lake Uvira, wasiwe na wasiwasi, na hakuna mwingine anayejua. Umelibeba jambo hili peke yako miaka kumi na minane, na uliponihemea siku ile kumbe hukuwa unaigiza kabisa.

Usisaini. Mwalimu mmoja mstaafu, Mama Laurette, ananunua ndagala kwangu, nami nimemhoji mpaka amekuwa anabadilisha njia. Anasema uombe ruhusa ya ugonjwa kwa karatasi ya daktari. Hivyo jina linabaki, na dosye inaendelea kutembea na wewe ukiwa umekaa. Yeye alisaini haraka, na mpaka leo anajuta. Peleka karatasi ya daktari kwa mkurugenzi wa shule yako kabla hawajatangaza matokeo. Ukihitaji niandike neno lolote, niambie.

Pili, habari za vitenge vyangu. Vilikuwa ishirini na saba. Tulivifua kwa sabuni siku nne na kuvianika juu ya mawe, mpaka watu wakadhani kuna sherehe. Tisa vimeliwa na kutu na matope. Kumi na nane vimetoka vizuri, rangi zimesimama. Lakini lebo zote zilibanduka na kuelea kama maganda ya vitunguu, na wafanyabiashara hawataki kujua zaidi ya hapo. Kitenge bila lebo, kilichoguswa na maji, kwao ni mtumba. Nilimwonyesha mmoja kile cha ndege nilichokinunua mwaka Yasmine alipozaliwa, akakishika kwa vidole viwili. Nilitamani kumpiga nacho.

Ni Consolate aliyenifungua macho, yule fundi wa kushona aliyepanga karibu na gati. Nilimpelekea vile tisa vibovu akate vitambaa vya jikoni. Akakishika kimoja, akakisugua shavuni, akasema: "Mama, kitenge mupya ya kubebea mutoto iko ngumu, inateleza ku mugongo. Iyi imeshalainika." Tukakata sehemu zisizo na kutu, akashona pindo, tukazipeleka kwenye lango la wodi ya wazazi pale hospitali. Mulamu, hazikumaliza asubuhi. Sasa akina mama wanakuja kuuliza kwangu, na wengine wanaleta vitenge vyao vigumu tuwalainishie kwa kufua na kuanika. Ni kazi ya kukaa. Hakuna ubao, hakuna mitumbwi. Ninachokosa ni mtu wa kushona pindo kwa mkono na kuandika majina ya wateja kwa mwandiko unaosomeka. Mwandiko wangu unauona.

Kwa hiyo nauliza swali la mwisho, na hili usiliruke hata kama utaruka mengine yote. Kwa nini usije? Ukipata ruhusa ya ugonjwa, panda boti ya Frédéric, ukae kwangu mwezi mmoja, miwili, tuone miguu inasemaje. Nyumba imekauka, tumepaka chokaa. Sante iko karibu, tutapima sukari yako na tansiyo yangu siku moja, tugombane nani ana ugonjwa mkubwa. Ukichoka nami, Bwegera si mbali, Josée atakulisha mchele mpaka uombe msamaha. Na mwezi ukiisha kama unataka Kalemie, utarudi, hakuna atakayekufunga.

Nisalimie Thierry na mkewe, na wale watano kwa majina yao, hasa Espoir, anayeniigiza kukohoa, mwambie nimesikia. Ukipita makaburini, mwambie Félicien kwamba mulamu wake amebadilisha sharti. Tambwe, Josée, Mahamudi na Yasmine wanakusalimu. Consolate anakusalimu bila kukujua. Kwetu Idi ya kuchinja ni wiki ijayo, nitakuwekea nyama ya kukausha kama boti haitachelewa. Mungu aishushe miguu yako, aitulize sukari, na akufikishe kwangu ukiwa unacheka.

Ni mimi mulamu wako, niliyekupima na bado nakupenda,

Zaina

Nimesahau jambo moja. Vile kumi na nane vizuri nimevigawa. Sikuweza kuviweka ndani ya sanduku lako, maana nta ni yako na ufunguo ni wako. Basi tisa nimevikunja, kile cha ndege kikiwa juu, nikavifunga juu ya kifuniko kwa kamba ya wavu. Jana tulilirudisha kwenye mizani, watu wote wakiangalia. Kilo kumi na saba na nusu. Njoo na ufunguo, tuviingize ndani, na unionyeshe hicho kinachogonga.